Udongo Mzuri wa Shamba, Mbaya wa Mkebe

Nyansiongo si mahali pa kuombea mvua. Mji huu mdogo wa Borabu, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kaunti ya Nyamira hupata kati ya milimita 1,200 na 2,100 za mvua kwa mwaka. Majani chai yanajua la kufanya na maji hayo. Mparachichi uliomo kwenye mfuko wa nailoni haujui. Ukinyeshewa mfululizo wiki mbili za Aprili, majani yake yanapauka, ncha zinageuka kahawia, na mwenye kitalu, akidhani mche una njaa, anauongezea mbolea. Hapo ndipo unapokufa upesi zaidi.

Anayetaka kujua kilichotokea na auchane mfuko huo kwa wembe kutoka juu hadi chini. Nusu ya juu udongo bado ni mwekundu, unamong'onyoka, na vijizizi vyake ni vyeupe. Nusu ya chini ni tope zito lenye harufu ya mtaro, na mizizi yake ni ya kahawia. Ukivuta mzizi mmoja kati ya kidole na gumba, ganda linateleza na kubaki mkononi, kisha uzi mwembamba wa katikati unaning'inia mtupu. Huo ni uozo wa mizizi. Kwa parachichi mshukiwa wa kwanza huwa Phytophthora cinnamomi, kiumbe kinachofanana na kuvu ambacho mbegu zake huogelea. Kikipata maji yaliyotuama kinasafiri kutoka mzizi hadi mzizi. Hewa ikipita vizuri, kinapungukiwa na njia.

Ajabu ni kwamba udongo uliouua mche huo ni miongoni mwa udongo bora nchini Kenya. Katika miaka ya 1970 wataalamu na wanafunzi kutoka chuo cha kilimo cha Wageningen, Uholanzi, walifanya kazi Kisii wakichimba mashimo na kuchora ramani za udongo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1982 chini ya uhariri wa W. G. Wielemaker na H. W. Boxem. Sehemu kubwa ya nyanda hizi za juu ni udongo mwekundu wa kina kirefu ambao wataalamu huuita nitisoli. Una mfinyanzi mwingi, lakini mfinyanzi huo umejipanga kwa vipunje vidogo imara, kwa hiyo maji hupenya na mizizi hushuka bila kizuizi. Mwaka 1984 Wielemaker alitoa tasnifu nzima kuhusu wanaofanya kazi hiyo ya kupanga: mchwa. Wadudu ambao mkulima huwalaani wakila nguzo za ua ndio pia wanaochota udongo wa chini, kuufinyanga punje kwa punje na kuupandisha juu, kizazi baada ya kizazi.

Sasa mwenye kitalu anakuja na jembe. Anachimba, anaponda mabonge, anachekecha, analowesha kidogo ili udongo ushike, kisha anajaza mfuko na kuushindilia kwa ngumi usilegee. Sehemu kubwa ya kazi ya mchwa inasagwa asubuhi moja.

Hata hivyo, udongo ambao haukusagwa nao ungepata shida, kwa sababu tatizo kubwa zaidi ni chombo chenyewe. Shambani, chini ya sentimita 20 za kwanza kuna mita nzima za udongo unaovuta maji kwenda chini. Mfuko una kitako. Maji yakifika pale husimama, kwa kuwa vitundu vidogo vya mfinyanzi huyang'ang'ania kwa nguvu kuliko uzito wake unavyoyavuta. Jaribio la jikoni linaonyesha jambo hili: chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe chepechepe, uilaze bapa kiganjani mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, wala hakuna aliyeikamua. Kilichobadilika ni kimo tu. Chombo kifupi kina maana ya sifongo iliyolazwa daima, na mfuko wa inchi tano kwa nane ni chombo kifupi sana.

Kimo cha ukanda huo uliolowa hakitegemei ukubwa wa ndoo. Kinategemea ukubwa wa chembe zilizomo. Chembe zikiwa laini, ukanda unapanda. Zikiwa kubwa, unashuka. Ndiyo maana ile desturi ya kutandika kokoto chini ya ndoo kabla ya kujaza udongo, ambayo karibu kila mpenda maua huirithi kwa jirani yake, haisaidii. Maji hayatoki kwenye vitundu vidogo kuingia kwenye vikubwa mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Kokoto zinapandisha tope karibu zaidi na mizizi, basi. Zikichanganywa na udongo wote kuanzia juu hadi chini, na zikiwa za ukubwa unaofaa, habari ni nyingine.

Hapo ndipo madini yanapoingia. Watu wengi wakisikia madini kwenye udongo hufikiria chakula cha mmea: fosforasi, kalsiamu, chuma. Kwa mti unaoishi chomboni, kazi ya kwanza ya madini si kulisha bali ni kuweka nafasi. Punje ngumu isiyooza wala kusagika hulazimisha vitundu vikubwa kubaki wazi, na hewa hupita humo. Samadi pekee haiwezi kazi hiyo. Ikiiva vizuri inalegeza udongo kwa miezi kadhaa, kisha inaoza, inashuka, na mti wa miaka mitatu unajikuta umesimama kwenye udongo uliopungua robo ya ndoo.

Mchanga ndio wa kwanza kukimbiliwa. Nyamira haina mito mipana ya kuchota mchanga mwingi, hivyo wa kujengea huletwa na malori kutoka upande wa Homa Bay, ziwani. Kwa lipu ni mzuri. Kwa mfuko wa miche mara nyingi ni mwembamba mno: punje zake zinaingia kwenye nafasi zilizobaki kati ya chembe za mfinyanzi na kuziziba, na mchanganyiko ukikauka unashikana kiasi kwamba mzizi unatafuta ufa. Karai moja la mchanga mwembamba kwa makarai matatu ya udongo mwekundu, kipimo ambacho husikika sana vitaluni, kinaongeza uzito kuliko kinavyoongeza hewa. Mchanga husaidia ukiwa wa punje kubwa na ukiwa mwingi kiasi kwamba punje zinagusana zenyewe kwa zenyewe. Wachache wako tayari kulipia mchanga wa namna hiyo kwa ajili ya miche ya mgrevilea.

Kilicho karibu zaidi na Nyansiongo kimerundikwa kando ya nyumba zinazojengwa: matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Udongo wa mfinyanzi ukipata joto la nyuzi 600 na zaidi hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake na haurudi tena kuwa tope. Hubaki jiwe lenye vinyweleo, linalonyonya maji kidogo ndani na kuacha hewa nje. Viwandani, nchi nyingine huchoma mfinyanzi kwa makusudi na kuuuza kwa mifuko kama kitu cha anasa cha bustani. Borabu hutupa. (Si kwamba matofali hayana gharama: tanuri zake hula mikaratusi mingi, na kuna kejeli ndogo katika mti mmoja kuchomwa ili mwingine upate pa kupumulia. Lakini tofali likishavunjika, kuni zake zimekwisha kuliwa.)

Si kila kipande kinafaa. Tofali lililokaa pembeni mwa tanuri halikuiva, na litarudi kuwa udongo ndani ya msimu mmoja wa mvua. Namna ya kulijua ni rahisi: vitumbukize vipande kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi visugue kwa kidole gumba. Vinavyoacha tope vinarudi shambani. Vyenye saruji au chokaa iliyoganda vitengwe pia, kwa sababu hupunguza asidi ya udongo bila mtu kujua ni kwa kiasi gani. Vilivyobaki hupondwa kwa nyundo juu ya gunia, vikiwa vimeloweshwa kwanza. Vumbi la tofali na la mawe ya volkeno lina silika, nayo silika ikiingia mapafuni haitoki.

Baada ya kuponda huja kazi ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote: kuchekecha mara mbili. Kwanza kwa wavu wa waya wenye matundu ya karibu milimita nane, ili kuondoa mabonge. Kisha kwa wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, ambao matundu yake hayafiki milimita mbili. Kinachopita kwenye wavu wa mbu ni vumbi, na vumbi likiachwa humo litajaza vile vitundu ambavyo mtu ametokwa jasho kuvitafuta. Kinachobaki juu ya wavu ndicho kinachotakiwa.

Mwenye uwezo wa kuagiza kutoka mbali kidogo ana chaguo bora zaidi, nalo ni pamisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu la kusugulia visigino, linaloelea majini. Ni povu la volkeno lililoganda. Kenya imejaliwa nalo katika Bonde la Ufa, hasa kuzunguka Longonot, Suswa na Naivasha. Mashamba ya maua ya Naivasha hukuza waridi humo, mizizi ikiwa ndani ya pamisi tupu au ndani ya nyuzi za maganda ya nazi, na maji yenye virutubisho yakidondoka kwa mpira. Waridi linaloingia mnadani Uholanzi huenda halikuwahi kugusa udongo.

Msafiri wa Nyansiongo anayekwenda Nairobi kupitia Sotik, Bomet na Narok hupita katikati ya nchi hiyo ya majivu. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika karibu na Suswa baada ya mvua kubwa, na picha za ufa ule zikazunguka dunia zikidai Afrika inagawanyika mbele ya macho ya watu. Wanajiolojia wengi walikuwa na maelezo ya utulivu zaidi: maji yalikuwa yameosha majivu laini ya volkeno yaliyojaza ufa wa kale. Kwa mpanda miti wa mkebeni, tukio lile lina funzo la kiufundi. Majivu na pamisi ni ndugu, lakini majivu ni vumbi na huenda na maji, ilhali pamisi ya punje za milimita tatu hadi nane hukaa. Anayenunua lori na aitazame kwanza. Iliyojaa unga haina thamani ya nauli yake.

Uzuri wa pamisi unaonekana Januari na Februari, jua linapowaka hata Borabu. Punje zake hushika maji katika vinyweleo vya ndani na kuyaachia polepole, wakati nafasi kati ya punje zimebaki na hewa. Tena ni nyepesi. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojaa udongo mwekundu uliolowa huzidi kilo 30, na anayeishi ghorofa ya tatu mjini Kisii akiwa na ndimu yake kwenye roshani anaelewa maana ya kilo hizo siku ya kuhama.

Wajapani waliligundua hili zamani. Miti yao midogo ya bonsai, mingine ikiwa na umri wa vizazi kadhaa ndani ya sahani zisizozidi kina cha kiganja, hukuzwa kwenye akadama, udongo wa punje unaotokana na majivu ya volkeno ya eneo la Kanto, na kanuma, pamisi laini yenye asidi ambayo hupendwa kwa maua ya jamii ya azalea. Chombo kikiwa kifupi kiasi hicho, ile habari ya sifongo iliyolazwa haina huruma, na ndiyo maana hawatumii udongo wa shamba.

Yapo madini mengine ambayo mtu atayakuta kwenye maduka ya kilimo mijini. Vamikulaiti ni madini ya tabaka tabaka ambayo yakipashwa moto hufutuka. Uganda ina hazina yake kubwa huko Namekara, upande wa Mbale. Hushika maji na virutubisho vizuri mno, na kwa kuoteshea mbegu haina mshindani. Lakini ni laini, hukandamizwa ikalala, kwa hiyo haifai mti utakaokaa miaka. Palaiti, kioo cha volkeno kilichofutuliwa kwa moto mkali, ni nyepesi kupita kiasi; mvua ya Nyansiongo huielesha juu ya ndoo. Diatomaiti ya Kariandusi, karibu na Gilgil, ni mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale na imechimbwa tangu miaka ya 1940, jirani kabisa na mahali ambapo Louis Leakey alifukua shoka za mawe. Mbichi ni unga. Iliyochomwa ikawa punje hufaa, bei ikikubali.

Na yale mawe ya Kisii yanayochongwa Tabaka? Vumbi lake limejaa kwenye vibanda vya wachongaji na hupatikana kwa kuliomba tu. Liachwe huko huko. Ni laini, linateleza, na kwenye mfuko litafanya kile kile ambacho mfinyanzi uliosagwa hufanya.

Chakula sasa. Udongo mwekundu wa Gusii una oksidi nyingi za chuma na alumini, na hizo hukamata fosforasi na kuifunga. Mkulima anaweza kuweka mbolea na mche usiipate. Dalili yake mara nyingi ni majani yenye rangi ya zambarau na mizizi iliyodumaa. Tanzania ina dawa ya jambo hili huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ambako mabaki ya ndege wa ziwa la kale yalijenga mwamba wa fosfati. Unga wake huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi, yaani udongo kama wa Borabu. Katika miaka ya 1990 kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, kikiongozwa na Pedro Sanchez, kiliujaribu na washirika wake kwenye mashamba ya magharibi mwa Kenya, mara nyingine ukiwa umechanganywa na majani ya tithonia, ule mmea wa maua ya njano unaoota kwenye ua. Tofauti na pamisi, huu unatakiwa uwe unga, tena kidogo, uliochanganywa na samadi wiki kadhaa kabla ya kujaza mifuko.

Chokaa ya shambani, ambayo huchimbwa Koru katika Kaunti ya Kisumu, ina hadithi ngumu zaidi kwa Nyansiongo, kwa sababu hapa kitalu kimoja huwa na wapangaji wawili wasiopatana. Mparachichi hauipendi asidi kali. pH ikiwa chini ya 5 alumini huanza kuidhuru mizizi yake, na chokaa huituliza. Chai ndiyo kinyume. Kikonyo cha chai, kipande cha tawi chenye jani moja, huoteshwa kwenye udongo wa chini wenye asidi, na pH ikipanda kupita takribani 5.5 kikonyo huvimba kidonda pale kilipokatwa bila kutoa mzizi. Mwenye kitalu hukitazama miezi mitatu, jani likiwa bado kijani, akiamini mambo ni mazuri. Sepetu iliyotumika kuchanganyia chokaa ya maparachichi, ikihamia kwenye rundo la chai bila kuoshwa, inatosha kuharibu kona ya kitalu. Hata kwa ndimu kuna kikomo: chokaa ikizidi, majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa chuma kimo udongoni lakini mmea hauwezi kukichukua. Maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, zilizoko Kabete hupima pH, na kupima rundo moja kabla ya kujaza maelfu ya mifuko ni bei ndogo.

Kwa upande wa hewa hakuna haja ya maabara. Chukua mkebe wa rangi wa lita nne wenye matundu chini, uzibe matundu kwa utepe wa gundi, ujaze mchanganyiko wako mpaka juu. Mimina maji polepole pembeni hadi yang'ae juu ya udongo. Subiri saa moja. Kisha weka mkebe juu ya beseni, fungua matundu, uache udondoke mpaka uishe. Maji yaliyomo besenini ni kipimo cha nafasi iliyojaa hewa sasa. Yakifika mililita 600, yaani asilimia 15, mti utapumua. Yakiwa chini ya 400 ni heri kuongeza tofali na kurudia. Udongo mwekundu mtupu ulioshindiliwa hutoa maji machache sana, na anayeliona beseni hilo mara moja haulizi tena kwa nini mche ulikufa.

Kuhusu vipimo, Waingereza walikuwa na fomula yao ya miaka ya 1930 kutoka taasisi ya John Innes: sehemu saba za udongo tifutifu, tatu za mboji ya kinamasi, mbili za mchanga mnene, pamoja na chokaa na fosfati. Ilitengenezwa kwa udongo wao na baridi yao. Kwa Borabu, mti unaokusudiwa kukaa kwenye ndoo miaka mingi unahitaji madini mengi zaidi ya hayo: sehemu mbili za tofali au pamisi iliyochekechwa, moja ya udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva. Utahitaji kumwagiliwa mara nyingi zaidi kiangazi na kulishwa kidogo kidogo. Hilo halina njia ya mkato.

Mche wa kwenda shambani ni kesi tofauti, na wanaoshabikia pamisi hulisahau. Serikali ilizindua Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na sehemu ya miti hiyo inatoka kwenye vitalu vya kando ya barabara kama hivi. Mche utakaokaa mfukoni miezi minne hadi sita kisha uingie kwenye nitisoli haufai kukuzwa kwenye changarawe. Ukipandwa, bonge lake la punje kubwa hukauka haraka huku udongo wa kando ukiwa na maji, na mizizi husita kuvuka mpaka huo. Kwa huo, sehemu moja ya tofali katika tano inatosha, pamoja na kuacha kushindilia kwa ngumi. Mfuko ugongwe chini mara mbili, tatu, udongo ujishukie wenyewe.

Mti wa ndoo nao hutolewa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Samadi itakuwa imekwisha, udongo umeshuka, mizizi imezunguka ukuta wa chombo na inahitaji kupunguzwa. Vipande vya tofali vitakuwa kama vilivyoingia. Hupitishwa tena kwenye wavu wa mbu, vikaoshwa, na kama mti uliotoka humo haukuwa na uozo wa mizizi, hurudi ndooni na samadi mpya.